Kemo ikichelewa kwa mtoto mwenye lukemia: ni kuchelewa kupi kwa kuogopwa?

DaftariLaWodi

Salaam wakuu. Naomba tulichambue hili, maana majibu yanapishana kila ukiuliza.

Chukueni watoto watatu, wote wana ALL, lukemia ya ghafla ya chembe nyeupe za limfu. Wa kwanza kaja siku ya dozi, neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi) 420 kwa mikrolita, karudishwa nyumbani kwa wiki moja. Karudi na 610, karudishwa tena. Wa pili yuko kwenye awamu ya kuendeleza, ile ya vidonge tunayoiita mentenansi. Vimeng'enya vya ini vimepanda, dawa zimesimamishwa wiki tatu. Wa tatu kapata homa katikati ya sitarabini, dawa ya kemo ya sindano. Ukifungua daftari, wote watatu wameandikiwa neno moja: "imechelewa".

Wapo wanaosema kila wiki inayopotea ni mlango wa ugonjwa kurudi. Wapo wanaosema ugonjwa hurudi kwa sababu ya aina ya seli zenyewe, na wiki mbili hazina neno. Kuchelewa kupi kuna uzito na kupi hakuna? Dozi zilizoruka zinafidiwaje? Na daftarini tuandike nini ili anayesoma miezi sita baadaye ajue kilichotokea?

UbohoNaDamu

Mkuu, neno lenyewe ndilo tatizo. "Imechelewa" linafunika mambo matatu: dozi iliyosogezwa lakini ikatolewa kamili, dozi iliyopunguzwa, na dozi ambayo haikutolewa kabisa. La kwanza mara nyingi ndilo jepesi kuliko yote, ilhali ndilo linalowatia watu hofu zaidi kwa sababu linaonekana kwenye kalenda.

Anza na awamu ya kuanzia, zile wiki nne hadi tano za mwanzo. Humo neutrofili kuwa chini si sababu ya kusimamisha vinkristini, dawa ya kemo ya mshipani, wala steroidi. Uboho umejaa seli za lukemia, na hizo ndizo zinazonyima chembe nzuri nafasi ya kuzaliwa. Ukisema usubiri damu ipande ndipo utibu, unasubiri kitu ambacho hakitakuja. Vinkristini ni 1.5 mg kwa kila mita mraba ya mwili kwa wiki, isizidi 2 mg, na kinachoweza kuisogeza ni mambo kama utumbo kugoma kabisa au udhaifu mkubwa wa misuli. Angalizo moja linalosahaulika: mtoto akianzishiwa dawa ya fangasi ya jamii ya itrakonazoli, vorikonazoli au posakonazoli, vinkristini haiondoki mwilini kwa kasi yake ya kawaida, sumu yake inapanda, na unajikuta unaahirisha dozi kwa tatizo ulilolitengeneza mwenyewe.

Sindano ya kemo ya mgongoni nayo isiachwe kwa sababu chembe sahani (za kugandisha damu) ziko chini. Chembe sahani huongezewa, kisha sindano inachomwa. Ulinzi wa ubongo na uti wa mgongo unategemea sindano hizo kwa kiasi kikubwa, na ukiruka mbili tatu hakuna kidonge cha kuziba pengo.

Sasa mtoto wako wa kwanza. Kuna vizingiti vya kuanza awamu na kuna kanuni za kuendelea ndani ya awamu, na hapo ndipo wengi wanachanganya. Protokali (miongozo ya matibabu) nyingi za COG, kundi la Marekani la utafiti wa saratani za watoto, hutaka neutrofili 750 na chembe sahani 75,000 ili kuanza awamu ya kuimarisha. Kwa hiyo 420 ilikuwa sahihi kungoja kama alikuwa anaanza. Lakini ukishaanza, hesabu peke yake haikatizi dawa. Kinachokatiza ni maambukizi makali, yaliyothibitishwa au yanayoshukiwa. Sitarabini 75 mg kwa mita mraba kwa siku nne mfululizo imetengenezwa ibomoe damu. Kushangaa damu imeshuka siku ya kumi ni kuwasha kuni kisha ukashangaa moshi. Protokali za BFM, kundi la Ujerumani, zina vizingiti vyake vidogo kabla ya kila kifungu cha sitarabini, kwa hiyo soma ya kwako, usichanganye kurasa za hii na za ile.

Kosa la kweli kwa mtoto huyo ni tarehe aliyopewa. Neutrofili zilizotoka 420 hadi 610 zinapanda. Huenda zikafika 750 baada ya siku mbili au tatu. Ukimwambia "njoo wiki ijayo" umetupa siku nne bure, na ukifanya hivyo mwanzoni mwa kila awamu, mwisho wa mwaka ni wiki kadhaa. Pima tena baada ya siku mbili hadi nne. Angalia pia monosaiti, chembe nyeupe nyingine, kwani zikianza kupanda, neutrofili kwa kawaida ziko njiani.

Damu isipopanda kwa wiki mbili au zaidi, usiendelee kungoja kimyakimya. Kotrimoksazoli ya kinga inaweza kushusha neutrofili, na zipo dawa mbadala kama pentamidini. Virusi vya parvo B19 husimamisha uzalishaji wa chembe nyekundu, na dalili yake ni retikulosaiti (chembe nyekundu changa) karibu sifuri. Na lipo lile ambalo hakuna anayependa kulisema: damu isiyopanda inaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe unarudi, kwa hiyo uboho uangaliwe.

Kuhusu asparaginesi, kimeng'enya kinachotolewa kama kemo, hapo ndipo mimi nakuwa mkali. Dozi iliyokosekana haifanani na dozi iliyosogezwa. Katika utafiti wa Dana-Farber, kituo cha saratani cha Boston, uitwao 91-01, watoto waliopata wiki 25 au pungufu kati ya 30 zilizopangwa, asilimia 73 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine baada ya miaka mitano. Waliopata zaidi ya hizo walikuwa asilimia 90. Mtoto akipata mzio, dawa haiishii hapo. Kila dozi ya asparaginesi ya PEG (inayokaa mwilini muda mrefu) hufidiwa kwa dozi sita za aina ya Erwinia (inayotokana na bakteria mwingine), 25,000 IU kwa mita mraba, mara tatu kwa wiki. Upo pia mzio usio na dalili, ambapo mwili unaizima dawa bila upele wala homa. Huo hugunduliwa kwa kupima utendaji wa kimeng'enya. Ukiwa chini ya 0.1 IU kwa mililita, mtoto kachomwa sindano lakini hakutibiwa. Daftari litaonyesha tiki. Kongosho likivimba vibaya ni habari nyingine, hapo dawa inaachwa moja kwa moja.

Kuhusu wanaosema ni aina ya seli tu: wana sehemu ya ukweli. Mabaki ya ugonjwa mwishoni mwa awamu ya kuanzia, MRD, yakiwa chini ya 0.01% yanatabiri vizuri kuliko kalenda, na mabadiliko kama ya jeni ya KMT2A au upungufu wa kromosomu yana uzito wake. Ila MRD nzuri imepatikana kwa watoto waliotarajiwa kumaliza matibabu yote. Si ruhusa ya kulegea.

VidongeNaGramu

Daktari kaeleza ya wodini, mimi nichukue ya nyumbani, maana huko ndiko dozi nyingi zinakopotea bila mtu kuona.

Mentenansi ni merkaptopyurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki, kwa mwaka na zaidi. Mfano wa hesabu: mtoto wa sentimita 110 na kilo 18. Zidisha 110 kwa 18, upate 1980. Gawa kwa 3600, upate 0.55, kipeuo chake cha pili ni 0.74. Hiyo ndiyo mita mraba yake. Merkaptopyurini kwa 75 mg ni 55.5 mg kwa siku, yaani karibu 389 kwa wiki. Vidonge ni vya 50 mg. Usijaribu kukimega kidonge upate sehemu moja ya kumi. Panga kwa wiki: siku tano kidonge kimoja, siku mbili kidonge kimoja na nusu, jumla vidonge nane, 400 mg. Umezidi kwa chini ya asilimia tatu, na hilo linakubalika. Methotreksati kwa 20 mg ni 14.8, yaani vidonge sita vya 2.5 mg, siku moja tu ya wiki. Andika jina la siku kwenye pakiti. Methotreksati ikimezwa kila siku kwa kukosea inaua, na kosa hilo linatokea.

Hesabu hiyo irudiwe kila mzunguko mpya wa wiki 12. Mtoto akikua hadi 0.82 na dozi ikabaki ya 0.74, anakosa sehemu moja kati ya kumi kila siku, na hakuna aliyechelewesha chochote.

Mwaka 2012 Smita Bhatia na wenzake wa COG walichapisha matokeo ya kufuatilia merkaptopyurini kwa chupa ambazo kifuniko chake hurekodi kila kinapofunguliwa. Waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Sasa fanya hesabu. Katika siku 28, kukosa siku mbili tayari ni asilimia 93. Wikiendi moja ya safari, dawa ikasahaulika, mtoto yuko chini ya mstari.

Ndiyo maana namwogopa zaidi mtoto ambaye *hajawahi* kuahirishwa. Neutrofili 3,200, mwezi baada ya mwezi, kila mtu anampongeza. Lengo ni 500 hadi 1,500. Akikaa juu ya hapo vipimo vitatu ndani ya wiki sita, COG huongeza dozi kwa asilimia 25, dawa moja kwanza, nyingine baadaye. Kabla ya kuongeza, jua kama anameza. Hesabu vidonge vilivyobaki. Tazama MCV, ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, kwenye picha ya damu: merkaptopyurini na methotreksati hunenepesha chembe nyekundu, na MCV iliyobaki palepale ilipoanzia inatia shaka. Palipo na maabara, pima mabaki ya dawa ndani ya chembe nyekundu. TGN (mabaki yenye kazi) na MMP (yasiyo na faida) zote zikiwa chini, huenda dawa haimezwi. TGN chini na MMP juu sana, anameza lakini ini lake linaipeleka njia isiyo na faida, na mara nyingi huyo ndiye mwenye ALT (kimeng'enya cha ini) ya kutisha.

Na hapo namgusa mtoto wa pili. ALT ikipanda kwenye mentenansi ni jambo la kawaida na hushuka. Protokali za COG haziisimamishi methotreksati mpaka ALT ivuke mara 20 ya kikomo cha juu, au bilirubini ile ya moja kwa moja ivuke 2 mg kwa desilita. Wiki tatu bila dawa kwa ALT mara sita ni hasara tupu. Pima bilirubini, tafuta hepatitisi, uliza kama kuna dawa za mitishamba au alopurinoli (dawa ya kushusha asidi ya yuriki) iliyoongezwa na mtu mwingine. Alopurinoli hukuza nguvu ya merkaptopyurini mara kadhaa. Anayeiongeza bila kupunguza dozi ya merkaptopyurini ataona damu inaanguka.

Chakula: kulikuwa na sheria za usiku tu, tumbo tupu, bila maziwa. Kazi za baadaye hazikuonyesha kwamba hayo yanabadilisha ugonjwa kurudi, mradi dawa inamezwa. Chagueni saa ambayo nyumba haiisahau. Akisahau na akakumbuka siku hiyohiyo, ameze. Ikishapita, imepita; asimeze mara mbili kesho yake.

Chembe_Nyeupe

Nakubaliana na wote wawili, ila kuna kitu hamjakigusa. Vizingiti vya 750 na 500 viliwekwa kana kwamba binadamu wote huanzia pamoja. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi ya Waarabu pia, hawana kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu. Neutrofili zao wakiwa wazima kabisa zinaweza kuwa 1,000 hadi 1,500, na hawaugui zaidi ya wengine. Mtoto wa namna hiyo akiwekwa kwenye kemo, atagonga kizingiti mapema na kukaa nje ya dawa muda mrefu, si kwa sababu dawa imemlemea bali kwa sababu sakafu yake iko chini.

Kipimo ni cha benki ya damu, kutafuta Fy(a) na Fy(b). Mtego wake: mtoto akishaongezewa damu, unachopima ni mchanganyiko wa chembe zake na za mchangiaji. Tumia sampuli ya kabla ya kuongezewa, au pima jeni. Sisemi vizingiti vishushwe kiholela; nasema timu ijue, kisha iamue kwa maandishi.

Kinyume chake ni TPMT na NUDT15, jeni za vimeng'enya vinavyovunja merkaptopyurini. Hapo damu inaanguka kwa sababu dawa kweli inamlemea. Mtoto mwenye TPMT isiyofanya kazi kabisa, karibu mmoja kati ya 300, huhitaji sehemu moja ya kumi ya dozi, tena siku tatu kwa wiki. Ukimpa dozi nzima utaahirisha milele. Ukimpa yake, anaendelea bila kukatika. Dozi ndogo isiyokatika inamfaa kuliko kubwa ya wiki moja ikifuatwa na tatu za kungoja.

DaftariLaWodi

Asanteni sana. Mtoto wa tatu bado: homa katikati ya sitarabini. Siku zilizobaki zinafutwa au zinatolewa baadaye? Na kwa mentenansi, damu ikishuka chini ya 500 mara ya pili, dozi inarudi vipi?

NesiWaZamuYaUsiku

Dada, homa kwanza, kalenda baadaye. 38.3 mara moja, au 38.0 iliyokaa saa nzima, kwa mtoto mwenye neutrofili chini ya 500 au zinazoshuka kuelekea huko: damu ya kuotesha ichukuliwe na antibayotiki ya mshipani iingie ndani ya dakika 60. Usingoje jibu la maabara. Joto lisipimwe njia ya haja kubwa. Na nyumbani parasetamoli isitangulie kipimajoto, maana inaficha homa na kuleta mtoto wodini saa sita baadaye akiwa mshtuko umeshaanza. Homa iliyokamatwa saa ya kwanza huweza kula siku chache za kemo. Ile iliyochelewa hula wiki tatu, au mtoto.

Sitarabini ikisimamishwa kwa maambukizi, kawaida dozi zilizobaki hutolewa akitulia. Hazifutwi, ila protokali ndiyo inayosema zinaunganishwa vipi. Mentenansi ni tofauti: kwa mtindo wa COG siku zilizoruka hazifidiwi, kalenda inaendelea na tarehe ya mwisho haisogei. Neutrofili zikishuka chini ya 500 au chembe sahani chini ya 50,000, merkaptopyurini na methotreksati husimama. Mara ya kwanza hurudi kwa dozi ileile zikipanda juu ya hapo. Mara ya pili subiri 750 na 75,000, anza na nusu, panda hadi robo tatu, kisha kamili, kila hatua wiki mbili hadi nne. Hapo ndipo tunapokosea sana: nusu inaandikwa, mtoto anarudi, kila mtu anarudia maandishi ya mwenzake, na nusu inakaa miezi minne. Vinkristini, steroidi na sindano ya mgongoni za mentenansi haziguswi na neutrofili.

Daftari lako: safu tano. Tarehe iliyopangwa, tarehe iliyotolewa, miligramu zilizopangwa, miligramu zilizotolewa, sababu. Sababu iwe ya kweli: "neutrofili 420", "dawa haikuwepo stoo", "hakuletwa". Mwisho wa mzunguko, gawa zilizotolewa kwa zilizopangwa. Mfano wa siku 84: mtoto kasimamishwa siku 10 kwa sababu ya damu, kisha siku 14 za nusu dozi. Siku 60 kamili, jumlisha 7, ni 67 kati ya 84, asilimia 80. Jirani yake hajasimamishwa hata siku moja, ila nyumbani husahau siku mbili kila wiki. Kapata 60 kati ya 84, asilimia 71. Kwenye daftari la sasa, wa kwanza ndiye "aliyechelewa".

UbohoNaDamu

Niongeze moja kuhusu "hakuletwa". Pengo la wiki nne mfululizo au zaidi ndilo SIOP, shirika la kimataifa la saratani za watoto, hulihesabu kuwa kuacha matibabu, na hilo halishughulikiwi kama neutrofili 420. Akirudi, usiendelee ulipoishia kana kwamba hakuna kilichopita. Picha ya damu na darubini siku hiyohiyo, korodani zipapaswe kwa wavulana, kisha uboho na maji ya mgongoni kabla ya dozi yoyote ya steroidi. Steroidi ikitangulia, inaweza kuyeyusha seli za lukemia za kutosha kukufanya usome uboho safi, ukaendelea na mentenansi kwa mtoto ambaye ugonjwa umesharudi.